Nyota Iliyo Chini ya Mlima Jali

Harufu ya rangi ya kucha hunikasirisha. Sisemi kwamba inanichoma pua. Hunikasirisha hasa, kama mtu amenikanyaga makusudi na hataki kuomba radhi. Saluni ninayosukia nywele hapa Kigali ina binti mmoja mpole anayepaka watu kucha karibu na mlango, na kila akifungua kichupa chekundu mimi huhamia kiti cha mwisho kabisa, kule penye mashine za kukaushia. Wenzangu hunitania kwamba nina mapepo. Waache waseme. Nitawaambia nyinyi, maana wale wa saluni wana midomo.

Mama yangu alikuwa na kucha nzuri kuliko mwanamke yeyote pale Nyakabanda. Alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali kule Kacyiru, na alipiga kwa vidole vyote bila kuvitazama, huku akiongea na mtu mwingine. Vita vilipoanza, mwaka wa tisini, mzungu mmoja wa ofisini kwao aliondoka mbio, akamwachia vitu viwili ambavyo havikuenea kwenye sanduku lake: darubini ya macho mawili, na kitabu cha Kifaransa cha kufundisha watu wa kawaida kuangalia nyota. Wenzake walioachiwa friji na redio walimpa pole. Baba alikuwa dereva wa lori aliyekulia Bujumbura, ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili. Alikigeuza kile kitabu mbele na nyuma, akauliza kama kinapikwa na chumvi.

Mama alikitii kitabu kile kama katekista anavyotii misale. Kilisema vaa nguo nzito. Tukavaa sweta mbilimbili, na mimi nikavishwa soksi za Baba mikononi badala ya glovu, jasho likinitiririka. Kilisema beba chupa ya kahawa ya moto. Tukabeba chai ya maziwa. Kilisema mwanga mweupe huharibu macho ya mwangalia nyota, basi kioo cha tochi kipakwe rangi nyekundu. Mama akatoa kichupa chake cha rangi ya kucha, akapaka kioo, akakipulizia kama alivyozoea kupulizia vidole vyake, akapaka tena. Chumba kizima kilijaa ile harufu. Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi. Nilikuwa na miaka tisa.

Giza lilipoingia tulikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, tukitazama kaskazini, ng'ambo ya bonde la Nyabugogo, mlima Jali umelala mbele yetu. Umeme ulikatika mara kwa mara, na Mama alisema hilo ndilo jambo jema pekee ambalo vita vilituletea. Kitabu kiliamuru tuanze na nyota saba zinazofanya sufuria yenye mpini mrefu. Katika picha zake sufuria ilikaa sawasawa, kama iko mekoni. Kwetu ilikuwa imepinduka, mdomo chini, kama imeoshwa ikaanikwa. Shika nyota mbili za ukingo wa sufuria, kitabu kilisema, fuata zinakoelekea, utafika kwenye nyota ya kaskazini, ambayo haihami na ambayo kila mtu anaweza kuipata. Tulizifuata. Zilitupeleka chini, chini zaidi, mpaka kwenye mgongo wa Jali, na hapo njia ikaishia.

Tuliitafuta nyota hiyo kwa miezi. Mama alilaumu mawingu, halafu moshi wa makaa, halafu macho yake mwenyewe. Mwishowe alikuta, nyuma kabisa ya kitabu, sentensi moja ya herufi ndogo: msomaji anayekaa karibu na ikweta au kusini yake asihangaike, kwake nyota hii imejificha chini ya upeo. Mama alicheka akajipiga paja.

"Wamechora anga la kwao," aliniambia. "Na sisi wajinga tukavaa na sweta zao."

Kisha akanishika mkono, akaunyoosha kidole changu mpaka pale njia ya nyota mbili ilipozama mlimani. "Iko pale. Jali ameikalia tu. Mtu akikuuliza, onyesha pale, usibabaike."

Kubabaika sikujua, wala kudanganya sikuweza. Nikiiba sukari nilianza kulia kabla sijaulizwa, punje bado ziko kidevuni. Mama alipenda kusema kwa Kinyarwanda, *ukuri guca mu ziko ntigushye*, ukweli hupita motoni usiungue, na mimi nililipokea neno hilo kama nilivyopokea kwamba maji hulowesha.

Mji wenyewe, wakati huo, ulikuwa umeanza kuharibika roho. Guruneti zilirushwa kwenye vituo vya mabasi. Watu waliokimbia vita kule kaskazini walijaa chini ya mahema nje ya mji, na kila aliyewaona alirudi na hasira akitafuta wa kummalizia. Kulikuwa na neno moja, *icyitso*, msaliti anayewasaidia waasi, na ukishabandikwa neno hilo, halibanduki. Siku moja pale Muhima, nikiwa na Mama tumetoka kununua sabuni, tulikuta vijana wanampiga mtu kwa marungu, wanasema alisikiliza redio ya waasi. Mama alinifunika uso kwa kitenge chake. Kitenge hakizibi masikio. Nilisikia yule mtu anavyoita mama yake, na nikasikia alivyoacha kumwita.

Mngedhani baada ya hapo Mama angezima tochi yake. Hakuzima. Alisema anga ndilo kitu pekee ambacho bado hakijagombaniwa. Hasira niliyokuwa nayo kwa sentensi hiyo, kwa miaka mingi, siwezi kuwaeleza.

Walikuja mwezi wa sita, mwaka wa tisini na mbili, giza likiwa limeingia tu, majirani bado wanapika. Baba alikuwa safarini. Mlango wa uani ulipigwa teke, akaingia Gaspard, kiongozi wa seli yetu, yaani mtaa wetu, ambaye asubuhi yake alikuwa amenisalimu na kunishika shavu. Nyuma yake kaporali mmoja na askari mwingine kijana. Kuna mtu alikuwa ameona taa nyekundu inawaka na kuzimika kuelekea kaskazini, jioni baada ya jioni. Kumbe ni Mama akimulika ukurasa, akizima, akitazama juu, akimulika tena.

"Mama Kayitesi," Gaspard alisema, hamtazami usoni, "hii taa unapigia nani alama?"

Mama alisema anaangalia nyota. Kaporali alicheka. Aliokota darubini, akaivaa shingoni. Aliokota kitabu, akakifungua pale penye duara jeusi lililojaa nukta na mistari na herufi za kigeni.

"Hii ni karata ya vita," alisema, akimaanisha ramani. "Hapa ni kambi, hapa ni kambi. Hii mistari ni njia."

"Ni nyota, afande."

"Nyota gani?"

Mama alimsomea majina. Sijui kwa nini kaporali alichagua jina lile moja. Labda kwa sababu alilijua neno la Kifaransa la kaskazini. Aliweka kucha yake chafu juu ya nukta hiyo, akasema sawa, kama kweli ni nyota, nyota iko juu, hakuna mutu anaweza kuficha nyota. Alikuwa mwerevu, mbwa yule. Alimgeuza Mama uso ukutani, akamwambia askari kijana amwekee mtutu mgongoni. Kisha akaniita.

"Mutoto ataonyesha. Halafu mama ataonyesha. Vidole vikienda mahali pamoja, nitasadiki ni masomo. Vikienda mahali mbili, mumenidanganya, na huyu mutoto analala kwetu leo. Umesikia, mama?"

"Nimesikia," Mama alisema ukutani.

Niliijua ile nyota. Hata sikuogopa, Mungu anisamehe, nilijisikia kama niko darasani na mwalimu ameuliza swali ninalolijua peke yangu. Nilitafuta sufuria iliyopinduka, nikashika nyota mbili za ukingo, nikateremka nazo taratibu, nikanyoosha kidole kwenye mgongo wa Jali. Kaporali alifuata kidole changu, akakunja uso. Akampigia mluzi askari, Mama akageuzwa, mimi nikazibwa mdomo kwa kiganja cha yule askari kilichonuka mafuta ya bunduki.

Mama alisimama muda mrefu. Alitazama juu. Anga lote lilikuwa limejaa, mwezi haukuwepo, kulikuwa na nyota kubwa za kuchagua kila upande. Gaspard alikohoa. Kisha Mama aliinua mkono wake wa kulia, zile kucha nyekundu, na kidole chake kikaenda palepale.

Nilifurahi! Nilitaka kupiga makofi. Vidole vimekwenda mahali pamoja, ukweli umepita motoni.

"Wote wawili, Jali," kaporali alisema polepole. "Ile ni nyota?"

"Iko nyuma ya mlima, afande. Kwetu haionekani. Kitabu kinasema..."

"Nyota iko ndani ya mulima?" Alimgeukia Gaspard. "Umesikia? Na mutoto amefundishwa. Nani iko nyuma ya Jali, mama? Ni nani unapigia taa?"

Alimpiga kwa kitako cha bunduki, tumboni kwanza. Mama alipoanguka, askari kijana, bado amenishika mdomo, aliukanyaga mkono wake juu ya ngazi, ngazi yetu ya kukalia, na kaporali akashusha kitako juu ya vidole kama mtu anatwanga. Sitasahau sauti ile. Ilikuwa ndogo. Nilidhani mifupa ikivunjika hulia kwa nguvu. Alitwanga tena, na tena, akisema onyesha sasa, onyesha na hiki. Nilimng'ata yule askari kiganja, akanirusha juu ya ndoo za maji. Mama hakupiga kelele hata aliponisikia mimi napiga. Alisema tu, "Kayitesi, *ceceka*," nyamaza, kwa sauti yake ya siku zote ya kunituliza kanisani.

Wakamwinua. Gaspard aliuliza kuhusu mimi. Kaporali alinitazama nikiwa nimelowa, akafuta kitako cha bunduki kwenye kanga iliyokuwa imeanikwa kambani.

"Mutoto hakudanganya," alisema. "Abaki."

Waliondoka na Mama, na kitabu, na darubini. Tochi waliiponda kwa buti. Asubuhi jirani aliyenilaza alinikuta uani naokota vipande vya kioo chekundu, akaninyang'anya nisijikate.

Mama alirudi baada ya wiki kadhaa, mkono umefungwa kitenge, amekonda, mgongo una mistari ambayo hakuniruhusu kuiona na niliiona. Vidole viwili havikunyooka tena. Kazi Kacyiru ilikwisha, kwa sababu nani ataajiri mpiga taipu wa mkono mmoja, tena mwenye lile neno mgongoni? Baba alichukua spana ya magurudumu, akasema anakwenda kwa Gaspard kumpasua kichwa. Mama alisimama mlangoni.

"Nenda," alisema. "Lakini kwanza niambie Kayitesi utamwachia nani."

Baba alilia, akairusha spana, ikavunja dirisha letu wenyewe. Siku chache baadaye alitupakia kwenye lori lake, akatuvusha mpaka pale Rusumo hadi Ngara, nje ya nchi. Ndiyo sababu mwezi wa nne wa mwaka wa tisini na nne ulitukuta ng'ambo ya mto. Jirani yule aliyenilaza ulimkuta nyumbani kwake, na watoto wake wote.

Kule Ngara, ugali ukiungua kwa sababu mkono wa Mama ni mzito kuugeuza, Baba alikuwa akisema, nusu utani, "Mama yako alitoa vidole vyake kwa nyota asiyoiona." Nilimwamini. Nilikua nikiamini kwamba nina mama mbishi, aliyependa kuwa na haki kuliko kuwa na mkono. Kaporali asingejua tofauti! Angeonyesha nyota yoyote, ile kubwa ya upande wa mashariki, na kusema ndiyo hiyo. Nilimwonea hasira kila nilipomfungia vifungo vya gauni.

Mwaka jana binti yangu, aliyefikia umri niliokuwa nao, aliniuliza bibi alivunjikaje vidole. Nikamsimulia kama nilivyozoea. Nilipofika kwenye maneno ya kaporali, vidole vikienda mahali mbili huyu mutoto analala kwetu, mdomo wangu ukasimama. Nimesema maneno yale miaka yote hii, na sijawahi kuyasikia. Mama alikuwa ukutani. Hakuniona nikinyoosha kidole.

Nilimkuta Mama uani kwangu hapa Kigali, anachambua maharage kwa mkono wa kushoto. Nilichuchumaa mbele yake.

"Mama, ulijua watakuumiza ukionyesha mlima."

"Nilijua."

"Na ulijuaje kwamba mimi nimeonyesha huko?"

Alitupa kijiwe kimoja nje ya ungo. "Wewe?" alisema. "Wewe hata sukari hukuweza kuificha."

Kesho yake nilikwenda saluni, nikakaa kiti cha karibu na mlango, nikamwambia yule binti wa kucha aniuzie kile kichupa chekundu. Harufu bado ilinikasirisha, na inanikasirisha hadi leo. Nilirudi nyumbani, nikachukua mkono wa kulia wa Mama, nikaanza na kidole kilichopinda zaidi. Alinitazama mpaka nilipomaliza vyote. Kisha akauinua mkono mdomoni, akaupulizia.