Mbuzi wa Mahari Yangu Alishindwa Kukojoa

Mucheke tu, hii haya nilishaizoea. Kwetu Wanande, siku mbuzi za mahari zinaletwa, binti anafichwa chumbani mupaka aitwe, na mama alinikalisha kitandani, pale kwetu Katindo, akaniambia, "Leo wewe si munganga wa mbuzi, leo wewe ni bibi arusi. Utulie." Nikatulia, juu nilikuwa nimechoka (wiki nzima nilikuwa Kanyaruchinya natibu mbuzi za watu), na ningelala tu, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nikachungulia dirishani.

Mbuzi mukubwa kuliko wote, dume aliyehasiwa, amenoneshwa kwa pumba mupaka anang'aa, alikuwa amekunja mugongo anajikamua, na hakuna kinachotoka. Baba mukwe, aliyetoka naye Butembo, akasema, "Ana choo kigumu, ni safari tu."

Si choo. Pumba nyingi na maji kidogo vinafanya mukojo uzae vijiwe, na dume murija wake ni murefu na mwembamba (wa jike ni mufupi na mupana, yeye hana shida hii), vijiwe vinakwama kwenye kale kauzi ka ncha kabisa, munajua ni wapi, figo zinaendelea kutengeneza mukojo, kibofu kinajaa mupaka kinapasuka. Na mbuzi wa mahari akifia kwetu siku ile, nani angenioa tena? Nilimupenda Paluku wangu, sikutaka kumupoteza juu ya mbuzi.

Nikatoka bila kuitwa, na mukasi wangu wa kazi mukononi, katikati ya sala, katekista bado amefunga macho. Nikamukalisha mbuzi kwa matako, nikamwambia Paluku, "Shika miguu," nikavuta kile kitu chake mbele ya wakwe wote, nikakata kauzi. Kijiwe kikaruka, mukojo ukafuata, ukalowesha liputa yangu mupya ya kitenge, ukafika kwa viatu vya baba mukwe, na hauishi, watu wote wanausikiliza. Mama alijifunika uso. Nilitamani ardhi inimeze.

Muzee akaangalia viatu vyake, kiisha akaniangalia miye. "Huyu ndiye tuliyekuja kuchukua?"

"Ndiye, papa," Paluku akajibu, miguu ya mbuzi bado mukononi.

"Basi tumeshamuona. Aende anawe."

Nimeolewa, ndiyo. Lakini tangu siku ile, ukoo ule ukitoa mahari, miye sialikwi kula, naitwa kuangalia mbuzi kwanza, na nikifika nakuta ndoo ya maji imewekwa tayari, kiti hakuna. Sasa nina binti. Nimeshaapa, watakaokuja kumuoa wataleta majike matupu.