Yadi Ishirini na Tano

Kwa miaka minne sisi nyumbani tuliamini kwamba ndugu yangu mdogo anaogelea mita hamsini kwa sekunde ishirini na tatu. Mama alilisema hilo sokoni Bungoma kama vile mama mwingine angesema mwanawe amehitimu udaktari. Mimi nililisema nikiwa kwenye cherehani, kwa wateja ambao hawakuwa wameniuliza. Hatukujua ishirini na tatu ni kitu gani hasa, lakini mwalimu wake alikuwa ametuambia kwamba wanaume wanaokwenda Olimpiki kwa zile mbio fupi za mtindo huru wako papo hapo, chini kidogo tu, na kwamba hicho kidogo kijana mwenye bidii anaweza kukimaliza.

Yeye ndiye kitindamimba wetu. Baba alipofariki, ndugu yangu alikuwa darasa la nne na mimi kidato cha pili. Nikaacha shule, nikaketi kwenye cherehani ya baba karibu na msikiti, na tangu hapo karo yake na viatu vyake vikatoka mikononi mwangu. Silisemi hili nisifiwe. Nalisema ili ieleweke jinsi tulivyokuwa, kwamba aliniita dada lakini alinisikiliza kama baba.

Alipomaliza shule alipata kazi Kitale, kwenye klabu moja ya zamani iliyoachwa na walowezi. Kazi yake ilikuwa kutunza bwawa la kuogelea: kuopoa majani, kutia dawa, kusugua vigae. Wanachama wa siku zile walikuwa wakulima wakubwa wa mahindi na maofisa, watu waliopenda kuketi kando ya maji kuliko kuyaingia. Maji ya Kitale ni baridi, yanauma hadi kwenye mifupa. Kila asubuhi, kabla lango halijafunguliwa, ndugu yangu alivua ovaroli akajitupa ndani. Kuelea alikuwa amejifunza utotoni kwenye mto Nzoia. Kwenda kasi sijui alijifunza wapi.

Mwalimu alimkuta hivyo. Alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyewahi kufundisha askari kuogelea, na sasa alifuga ng'ombe kule Endebess. Siku hiyo alikuwa amewahi klabuni, akasimama kando ya bwawa na bakora yake.

"Nani amekufundisha kupiga mkono hivyo?"

"Hakuna, mzee."

"Inaonekana. Lakini uko na spidi, bana."

Tangu hapo akawa anakuja mara tatu kwa wiki na stopwochi shingoni. Mimi nilikwenda Jumamosi nilipoweza. Nilipenda kumtazama, sitakataa. Mbio zile haziogelewi kwa pumzi. Alivuta hewa mara moja, akaruka, na mpaka anagusa mwisho kichwa kilikuwa hakijageuka. Alinieleza, "Dada, kugeuza kichwa ni kupoteza muda." Alikwenda hadi ukuta wa mbali, akajibiringisha ndani ya maji, akausukuma ukuta kwa miguu, akarudi. Mara mbili za mita ishirini na tano ni hamsini. Mwalimu alibonyeza saa, akamwonyesha, na wote wawili wakacheka.

Mwaka ule ambao Olimpiki ilikuwa inakwenda Ugiriki, aliandikishwa kwenye mashindano ya mchujo Nairobi. Yalikuwa mwezi wa nne. Mwezi wa pili, meneja wa klabu akataka bwawa lishonewe turubai la kulifunika, maana majani ya mikalitusi yalikuwa yanalichafua. Ndugu yangu akanitaja mimi. Nikaazima futi ndefu ya utepe wa kupimia kwa jirani yetu fundi wa mawe, nikapanda Kitale.

Yeye alishika ncha moja ya futi kwenye ukingo wa huku, mimi nikazunguka nayo hadi ukingo wa kule. Nikainama, nikasoma.

"Ngapi?" akaniuliza kutoka ng'ambo.

"Ngoja nirudie."

Nilirudia mara tatu. Mita ishirini na mbili na sentimita themanini na sita.

Mtu aliyekulia kwenye cherehani hahitaji karatasi kwa hesabu hiyo. Nimegombana na wenye maduka ya vitambaa maisha yangu yote kwa sababu hiyo hiyo: wanakutoza bei ya mita halafu wanakukatia yadi. Yadi inapungua kwa upana wa kiganja. Bwawa lile halikuwa la mita ishirini na tano. Lilikuwa la yadi ishirini na tano, kamili, kama walivyolijenga wazungu wao zamani. Viganja ishirini na tano kwenda, ishirini na tano kurudi. Ndugu yangu alikuwa anaogelea hamsini iliyokatwa zaidi ya mita nne.

"Ngapi, dada?"

"Inatosha. Nimeshaandika."

Akaiachia futi ikajikunja yenyewe, akaenda kuchanganya dawa huku akipiga mluzi.

Nilimngoja Mwalimu langoni hadi alipofika.

"Mwalimu, hili bwawa si mita ishirini na tano."

Hakuligeukia bwawa. Alinitazama mimi. "Umepima?"

"Mara tatu."

"Najua, mama. Nimejua tangu siku ya kwanza."

"Na hukumwambia?"

"Ningemwambia nini? Ati yeye ni mwepesi, lakini si mwepesi hivyo? Si angeacha?" Akashusha sauti. "Nilifikiri ataongeza spidi polepole mpaka hiyo nambari iwe ya ukweli. Imebaki miezi miwili. Wacha aende. Akiwa na wanaume wenzake pale, maji yatamvuta. Ukimwambia saa hii utamvunja."

Nikakubali. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilikubali kwa sababu Mwalimu ndiye aliyejua mambo ya maji. Si kweli. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeshajisifu mno. Nilifikiria uso wa mama pale sokoni. Nilifikiria wateja wangu. Nikashona turubai, nikalipeleka, na nilipolitandaza juu ya maji lilienea barabara, bila kupelea wala kuzidi.

Kama ningenyamaza tu, pengine ningejisamehe. Lakini wiki mbili baadaye ndugu yangu alikuja Bungoma na barua. Miezi kadhaa nyuma alikuwa amejipanga uwanjani na vijana wengine kwenye uandikishaji wa askari, akakimbia, akapimwa meno na kifua, akapita. Sasa alikuwa anaitwa mafunzoni. Tarehe ya kuripoti iliangukia wiki ile ile ya Nairobi.

Tulikuwa jikoni. Mama alikuwa anasonga ugali. Alisema, bila kugeuka, "Uaskari ni kazi ya pensheni." Halafu akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mkubwa wake. Mwambie mwenzako."

Ndugu yangu alikuwa ananitazama. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani akisubiri nimwambie kama viatu vitapatikana.

Nikasema, "Uaskari unarudi kila mwaka. Olimpiki ni mpaka miaka minne ipite."

Nililisema hilo nikijua zile mita nne. Akaikunja barua, akaitia mfukoni, akanawa mikono tukala.

Mwalimu hakwenda Nairobi. Siku mbili kabla ya safari alituma ujumbe kwamba kifua kimembana. Labda kilimbana kweli. Nikaenda mimi.

Tulipoingia mahali pale, ndugu yangu alisimama mlangoni na mfuko wake begani. Bwawa lilinyooka kutoka huku hadi kule, refu, jeupe chini, na mistari myeusi sakafuni.

"Dada, mbona hii imekuwa ndefu hivi?"

"Hii ni ya hamsini. Hurudi. Unaenda tu."

"Hata ukuta wa kusukuma hakuna?"

"Hakuna."

Akacheka kidogo. "Basi afadhali. Sitapoteza muda kugeuka."

Waliogelea wanane wanane. Wenzake walikuwa na kofia za mpira na miwani ya maji, wengine wamekuja na wazazi waliobeba matunda kwenye vikasha. Filimbi ilipolia aliruka vizuri kuliko wote, hilo nitalisema popote. Hadi karibu na nusu ya bwawa alikuwa wa pili. Nilisimama nikapiga kelele, mimi na buibui yangu, watu wakanigeukia. Kisha akafika pale ambapo kwa miaka minne alikuwa anakutana na ukuta, na ukuta haukuwepo. Nikaona mikono inaanza kuzama. Nikaona kichwa kinageuka kutafuta hewa, mara moja, mara mbili, mara tatu. Wakampita mmoja mmoja. Akagusa wa saba.

Ubao uliandika ishirini na sita na nusu.

Alitoka majini akaenda moja kwa moja kwa msimamizi wa leni yake, mzee mwenye shati jeupe. Nilikuwa nimeshashuka, nilisikia yote.

"Samahani mzee, saa yenu iko na shida. Mimi huogelea ishirini na tatu."

Yule mzee hakumcheka. Ingekuwa heri angemcheka. "Kijana, unafanyia mazoezi wapi?"

"Kitale."

"Pale klabu? Lo. Lile la yadi." Akamgusa bega lililolowa. "Si makosa yako. Lile si la mita, lilijengwa enzi za mkoloni. Hakuna mtu aliwahi kukwambia?"

Ndugu yangu alisimama pale maji yakimchuruzika. Akageuka taratibu akanitazama. Niliona akikumbuka. Alirudi nyuma kwenye asubuhi ile, akaiokota ncha ya futi, akaniona nimeinama ng'ambo ya bwawa.

"Ulipima," akasema. "Nilikushikia futi. Ilisema ngapi?"

Nikamnyooshea taulo.

"Dada. Ilisema ngapi?"

"Ishirini na mbili na themanini na sita."

"Ukaniambia inatosha."

"Nilikuwa—"

"Na barua ya uaskari je? Ulikuwa ushapima?"

"Nilikuwa nimepima."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa njia akaelewa. Akaenda kuvaa. Kwenye safari ya kurudi Bungoma nilimnunulia chai njiani, akaiacha ikapoa.

Alikwenda Endebess peke yake. Mwalimu ndiye aliyenisimulia. Anasema ndugu yangu alikataa kuketi, akamuuliza jambo moja tu, "Ulikuwa unanicheka?" Mwalimu akaapa kwamba hapana, akalia, mzee mzima. Ndugu yangu akamaliza mwezi wake klabuni, akarudisha ovaroli, akahamia Lwakhakha kuuza nguo za mitumba mpakani. Mwaka uliofuata alijipanga tena uwanjani. Walitazama kitambulisho chake wakamtoa kwenye mstari kwa sababu ya umri. Hata kukimbia hakukimbia. Habari hiyo nililetewa na mama.

Agosti ya mwaka ule wa mchujo, mbio za Ugiriki zilionyeshwa kwenye televisheni ya mkahawa mmoja karibu na soko. Niliingia nikaagiza chai nisiyoihitaji. Wanaume wanane waliruka, na kabla sijatia sukari walikuwa wamefika, sekunde ishirini na mbili kasoro. Wanywaji chai wakashangilia. Mimi niliwachukia wote wanane, pamoja na yule aliyeshinda, na mama zao. Ni upuuzi, lakini ndivyo nilivyohisi. Niliwaza pia jambo baya zaidi, kwamba hata kama bwawa letu lingekuwa la mita, ndugu yangu asingewafikia watu wale. Alikuwa mwepesi wa Kitale tu. Mwalimu alilijua hilo, na nadhani ndilo alilokuwa anatuficha hasa. Mita nne zilikuwa pazia lake.

Mwalimu alifariki miaka michache baadaye. Nilisikia kwamba ndugu yangu alitoka Lwakhakha akaenda Endebess, akachimba kaburi pamoja na vijana wa pale, akabaki mpaka udongo uliposawazishwa. Mimi sikwenda. Alipokuja kwa mama siku ya Idd, na mke wake na mtoto wao, ambao habari za arusi yao na za uzazi nilihadithiwa tu na majirani, nilimfuata nyuma ya nyumba.

"Kwa Mwalimu ulienda," nikamwambia. "Mimi hata salamu yangu unaijibu kama ya mpita njia. Yeye alinyamaza miaka minne. Mimi ni miezi miwili."

"Kweli."

"Sasa?"

Alikuwa anamwosha mtoto mikono kwa birika. Hakuwa na hasira, ningeiona. Amenenepa mabega, amekuwa baba wa mtu.

"Yule alikuwa mwalimu," akasema. "Nilimwambia pale kaburini, mzee, tumeachana kwa amani. Alitaka nishinde. Lakini siku ile jikoni, mimi sikuuliza mwalimu. Nilikuuliza wewe."

Nikamwambia anisamehe. Nililisema wazi, kwa mara ya kwanza.

"Nimeshasamehe zamani," akajibu. "Ni vile tu sitakuuliza kitu tena."

Mama akatuita, pilau imeiva. Tulikula sinia moja. Alimsifu mama kwa nyama, akanisogezea limau bila kuniangalia, na baada ya swala ya alasiri akambeba mtoto wake akaondoka.