Diski Niliyoichagua kwa Sikio

Sina desturi ya kukiri makosa, lakini hili limeshuhudiwa na ukoo mzima; afadhali nilieleze mwenyewe.

Nilikuwa mkaguzi wa injini za treni, na maisha yangu yote nimeliamini sikio langu kuliko maneno ya watu. Mwezi uliopita nilitafuta diski ya kompyuta ya kupeleka kijijini Lukafu, kwao, nyimbo za marehemu mke wangu, Marie, ili dada zake wasikie sauti yake baada ya misa ya kumkumbuka.

Mama Furaha, muuzaji aliyetoka Kivu, aliniwashia diski mbili.

"Papa, hii ya kuzunguka iko muzuri kwa kubakia ku nyumba. Kwa barabara mubaya, kamata hii ingine. Haina kitu cha kuzunguka ndani."

Niliiweka hiyo nyingine sikioni. Kimya.

"Mama, hii imekufa."

"Haikufa, Papa. Ni vile iko!"

Niliyahesabu hayo kuwa porojo, nikanunua ile iliyonguruma. Nilihamishia humo nyimbo zote bila kubakiza nakala. Kisha, lori la kwenda Lukafu likirukaruka kwenye mashimo, niliiwasha kila mara kwa kompyuta niliyoipakata ili niisikie ikizunguka.

Huko Lukafu, baada ya misa, ukoo wote ukiwa umekaa kusikiliza, niliiunganisha na kompyuta. Ikagonga: ta, ta, ta.

"Mnasikia?" nikasema kwa fahari. "Hiyo ni mashine inayofanya kazi."

Iliendelea kugonga, na kioo cha kompyuta kikabaki kitupu. Dada mkubwa wa Marie alisubiri kwa adabu, kisha akauliza:

"Shemeji, machine tumeisikia. Na Marie, ataimba saa ngapi?"