Alasiri Tuliyokuwa Tisa

Kwa miaka mitatu nilikwenda sinagogi karibu kila siku, na kwa miaka yote hiyo sikuhesabika. Sisemi haya kwa kulalamika. Ndivyo sheria yao ilivyo: sala ya jumuiya inahitaji wanaume kumi Wayahudi, na mimi nilikuwa Mkenya niliyelelewa kanisani, mfanyakazi wa benki huku Sandton, kusini mwa Afrika, niliyeomba kuingia dini yao nikaambiwa nisubiri. Wakiwa tisa nami nipo, basi walikuwa tisa.

Sinagogi lenyewe lilijengwa kwa mamia ya watu. Viti vya mbao bado vina vibao vya majina ya wenyewe, na wenyewe wako Perth, London au makaburini. Siku za kazi tulisali katika chumba cha nyuma, chenye rafu za vitabu na hita moja ya gesi, kwa kuwa ule ukumbi mkubwa ulitutia aibu.

Katika chumba hicho ndimo mzee mmoja alinifundisha. Alikuwa mfamasia mstaafu wa miaka themanini na kitu, amefiwa na mke, wanawe wawili wako ng'ambo. Nilimwita Mzee, na alipojua maana ya neno hilo akakataa nimwite vingine. Kila Alhamisi alasiri tulifungua kitabu kikubwa cha sheria: katikati ya ukurasa maneno yenyewe, na pembeni mafafanuzi ya marabi waliokufa karne nyingi zilizopita, bado wanabishana. Mzee alitaka nami nibishane. Nilikuwa naitikia tu.

"Unakubali kila kitu kama mtu aliyeitwa polisi," alinitania siku moja, akagonga meza. "Bisha, kijana! Hata Mungu amezoea."

Alinisoma vizuri. Anayetaka kuingia dini ile huishi kama anachunguzwa, na kweli anachunguzwa. Nilihama Sandton nikapanga chumba cha uani karibu na sinagogi, ili Jumamosi, siku yao isiyoruhusu gari, niende kwa miguu. Mama alinipigia kutoka Nyeri akauliza Yesu alinikosea nini, akalia, nami nikajikaza kisabuni nikamwambia tutaongea akitulia. Hatukuongea. Mahali fulani mjini, katika mahakama ya marabi, palikuwa na jalada lenye jina langu. Sikujua limeandikwa nini. Nilichofanya chochote, hata kupiga chafya kanisani kwa harusi ya rafiki, nilikifanya nikiliwazia jalada lile.

Siku ya kumbukumbu ya kifo cha mke wa Mzee huangukia majira ya baridi. Kwao siku huanza jua likitua na kuisha jua likitua tena. Ndani ya muda huo mume husimama akasema kadishi, sala fupi ya kumtukuza Mungu kwa ajili ya marehemu wake, na kadishi haisemwi bila wale kumi. Mzee hakuwahi kuikosa tangu mkewe afe. Mwaka ule jioni ya kwanza walikuja saba. Asubuhi wakaja wanane. Mafua yalikuwa yameingia mtaani. Ikabaki sala ya alasiri peke yake.

"Leo nikikosa, nitakuwa nimemwacha," aliniambia kwa simu. Niliomba ruhusa kazini nikaondoka saa tisa, kana kwamba kuwepo kwangu kungesaidia.

Mlinzi wa getini alikuwa ndugu kutoka Bukavu anayeishi Malvern, na Kiswahili chetu cha aina mbili kilitufanya marafiki.

"Ndugu, leo beko wanane tu," akaniambia. "Na mugeni moja wa Cape Town. Batatimia?"

"Bado mmoja. Wanasema yuko njiani."

"Eish, huyo hafike sasa hivi. Robot zote za barabara ya Louis Botha zimezimika, taa hakuna, magari yamekwama." Akanitazama. "Na weye? Unaingiaka kila siku, na habakuhesabu?"

"Bado."

Akatikisa kichwa kwa namna iliyonichoma kuliko angecheka.

Ndani, Mzee alikuwa amevaa suti yake nyeusi. Rabi alikuwa safarini, na ndiye ambaye kwa kawaida huhakikisha idadi. Kwa hiyo mgeni yule, mtu mchangamfu mwenye haraka ya ndege, akajitwika kazi. Hawahesabu watu kwa namba. Husema aya ya zaburi yenye maneno kumi, neno moja kwa kila mtu. Alizunguka chumba akitamka, na neno la mwisho likaniangukia mimi pale pembeni, na kofia yangu kichwani na kitabu mkononi.

"Tayari," akasema. "Tuanze."

Hakuna aliyepinga. Ndilo kosa ambalo watu wale tu wangeweza kulifanya: walikuwa wamenizoea hadi wakasahau mimi ni nani. Miaka mitatu nilitamani wanisahau hivyo. Mzee akasogea mbele, kwa kuwa mwenye kumbukumbu ndiye huongoza sala, akaanza zaburi ya mwanzo, ambayo mtu anaweza kuisema hata akiwa peke yake. Sauti yake ilikuwa ya kijana. Zaburi ikiisha ilikuwa inafuata kadishi.

Niseme ukweli sasa, maana sikuusema wakati ule. Sikuiwazia sheria. Sikumwazia Mungu wala yule mama nisiyemjua kaburini. Niliwazia jalada. Niliwaza: mtu atakumbuka kesho, rabi ataambiwa, wataandika kwamba nilijipenyeza, na miaka mitatu itakwenda na maji. Zaburi ikaisha. Mzee akavuta pumzi.

"Samahani," nikasema. "Mimi sihesabiki. Tuko tisa."

Chumba kizima kiligeuka, Mzee wa mwisho. Hakuonyesha hasira wala mshangao. Mgeni akaniomba radhi mara tatu. Tukapiga simu, yule wa njiani alikuwa bado amekwama, akapendekeza tumsubiri. Tukasubiri tukitazama dirisha, na dirisha likageuka rangi, na likawa jeusi. Mgeni akaondoka. Mzee akakifunga kitabu, akakibusu, akakirudisha rafuni mahali pake.

"Umefanya vema," akaniambia, akanipigapiga begani. Nilirudi chumbani kwangu nikajisikia mtu mwema, na aibu ya usiku ule hadi leo sijui niiweke wapi.

Alilazwa kabla baridi haijaisha. Nilikwenda kumwona nikiwa na kile kitabu kikubwa, lakini hakukitaka.

"Siku ile nilikuwa nimeshahesabu," akasema. "Nilihesabu nilipoingia, kama kawaida yangu. Nilijua tuko tisa."

Nilidhani dawa zinamchanganya. "Ulijua, Mzee? Na bado ukaenda mbele?"

"Nilijiambia Mungu ataniuliza mimi, si wewe. Nilitaka tu kuyatamka maneno ya kadishi nimesimama. Nilijua itakuwa ya mwisho."

"Mbona hukunionya?"

"Ningekuambia nini? Unyamaze?" Akafumba macho. "Ulikuwa unajifunza."

Sikuweza kumwambia sababu yangu. Nilikaa pale nikimshika mkono hadi muuguzi aliponitoa. Alikufa wiki hiyo hiyo. Wanawe wakaja, wakakaa siku saba za matanga, wakarudi kwao.

Mwaka uliofuata niliitwa mbele ya mahakama. Marabi watatu, meza ndefu, na jalada langu hatimaye mbele ya macho yangu. Wa katikati alisoma barua ya rabi wetu kwa sauti. Karibu yote ilihusu alasiri ile: jinsi mtu aliyeweza kunyamaza alivyosema kweli, mbele ya mwalimu wake mwenyewe, katika siku ngumu ya mwalimu wake. Wakanitazama kwa upole ambao sikuwahi kutazamwa nao katika nchi hii.

"Tuambie," akasema. "Kwa nini ulisema?"

Kwa sababu niliwaogopa ninyi. Jibu lilikuwa ulimini, kamili.

"Kwa sababu ilikuwa kweli," nikasema.

Akaliandika. Wakanipangia siku ya kuzamishwa majini, hatua ya mwisho ya kuingia dini yao, wakasimama wote watatu kunipa mkono, nami nikawashukuru mmoja mmoja.