Safari ya Tunguu Niliyoizuia

Baba alikuwa fundi wa kunakshi milango, na maumivu yalimshika mara ya kwanza akiwa kazini Mlandege. Mafundi wenziwe wawili walimleta nyumbani wamembeba, jasho linamtiririka, mkono wa kushoto ameukumbatia kama uliovunjika. Mama alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa nimeachika na kurudi kwa baba, kwa hiyo uuguzi ukawa wangu.

Daktari wa Kihindi wa mtaa wa pili alimtegea sikio kifuani, kisha akamshika mshipa wa mkono huku akitazama saa yake. Baba alipopata usingizi, daktari aliniita pembeni. Alinieleza kuwa moyo ulioumia mara moja huumia tena. Nikamwuliza lini. Akasema siku haijui, ila dalili zipo.

"Bibi, muangalie ngazini," alisema. "Maumivu yakimpata akipanda, bado kuna nafasi. Yakimpata naye amekaa kitako, basi yaliyo mbele ni mabaya."

Ngazi yetu ilikuwa ya mawe, nyembamba, imesimama wima. Kila baba aliporudi kutoka msikitini nilikaa nyuma ya pazia la juu nikisikiliza hatua zake. Mwanzoni alipumzika mara moja. Baada ya mfungo akawa anapumzika mara tatu, na akiniona hujifanya anatengeneza kilemba. Sikumwambia nililoambiwa, naye hakuniuliza.

Asubuhi moja, tukinywa chai, alisema anataka kwenda Tunguu kwa dada yake. Walikuwa hawasemezani mwaka wa sita. Shangazi alimkataza asiniozeshe kwa yule mwanamume, akamwambia mbele ya watu kwamba atanitesa; baba akaona amevunjiwa heshima, akamtoa nyumbani kwake. Yaliyonifika kwenye ndoa ile yalikuwa kama shangazi alivyosema, na zaidi.

"Nnakwenda kumwambia alisema kweli," baba alisema. "Nisife nalo moyoni."

Nikamwambia njia ni ndefu, punda atamtikisa, na daktari amemkataza safari. Daktari hakuwa amemkataza. Sikuwa hata nimemwuliza. Kweli nilimwogopea, lakini pia sikutaka wawili wale wakae wakizungumza ndoa yangu, huruma yao ikanifuata mpaka mjini. Nikasema tungoje apate nguvu.

Baba alimalizia chai yake. "Haya, mwanangu," akasema, na hakulitaja tena.

Haukupita mwezi. Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, alikuwa amekaa mkekani akimenya chungwa. Akakiweka kisu chini taratibu, akatia kiganja kifuani. Hakuwa amepanda ngazi, hakuwa amenyanyua kitu. Nikajua. Nilimwita daktari, na jirani nikamtuma Tunguu kwa shangazi. Daktari alimnusisha dawa, rangi ikamrudia kidogo, akalala. Kesho yake kabla ya adhuhuri alikata roho, mkono wake mkononi mwangu.

Shangazi alifika jeneza limeshatoka. Aliketi nilipoketi, vumbi la njia lingali miguuni, akanishika kichwa akakilaza mapajani mwake. Hakunikumbusha chochote. Siku ya tatu, baada ya hitima, ndipo aliponiuliza kama kaka yake alimtaja.

"Alitaka kuja kwako," nilimwambia. "Alisema ulisema kweli."

Alilia sana kwa maneno yale. Kisha akauliza mbona hakuja. Nikajibu kwamba alikuwa mgonjwa.

Baadaye nilimwuliza daktari kama safari ile ingemuua. Akasema huenda ingemuua na huenda isingemuua. Moyo ulikuwa umechoka, ungeweza kusimama juu ya punda au juu ya mkeka.

Shangazi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila nilipokwenda Tunguu kumwamkia aliwaambia majirani kwamba mimi ndiye niliyemuuguza kaka yake kwa mapenzi, wao wakaniombea dua, nami nikaitikia amina.