Bamama Walikataa Bure Yangu

Mwaka ule nilipogombea udepite, kiti cha bunge la jimbo, sikuwa na karatasi ya shule ya kuwaonyesha watu. Nilifika mwaka wa tatu wa primeri, basi. Nilichokuwa nacho ni shamba la mahindi njia ya Luena, mashini ya kusaga, na mdomo. Kila mahali hapa Kamina nilisema maneno yaleyale, na hata leo sijabadilisha moja: Mungu kwanza, kisha jembe. Leta, yaani serikali, itengeneze barabara na kukamata wezi, isije kutugawia mbegu kama yatima. Anayetaka taa anunue taa yake. Waya za Leta tumezingoja tangu ujana wangu, na vijana wa wakati ule wamezeeka gizani. Cha bure kinalaza mkono.

Watu walipiga makofi. Mahali pagumu palikuwa kanisa langu mwenyewe. Kule kuna makarani na walimu, na hao hawampi kura mtu asiyejua kuandika Kifaransa. Lakini nilijua bamama wa kanisa wakiwa upande wangu, kiti ni changu. Wao njo wanaoamua. Waume wanafuata tu.

Basi nikaleta groupe, mashini mpya ya kutoa umeme, ile inayokunywa esanse kama gari. Kwaya ilikuwa inajifunza nyimbo kwa taa za simu. Nikaishusha mlangoni pa kanisa Jumamosi, bamama wakiwa wanafagia, nikangoja vigelegele.

Mkubwa wao, mjane anayeuza samaki kavu wa Kinkondja sokoni, aliizunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

"Baba, hii iko ya nani?"

"Ya kwenu. Nawapa."

"Bure?"

"Bure, mama."

Akawageukia wenzake. "Mumesikia? Juzi pale gare ya treni alisema bure inalaza mukono. Minyi nilikuwa pale, nilipiga makofi mpaka vidole vikauma."

Mmoja akapaza sauti toka nyuma: "Baba anataka kutulaza, na bwana yangu iko anasikia!"

Walicheka mpaka fagio zikaanguka. Mimi sikucheka.

"Basi niirudishe?"

"Hapana, iache. Tutalipa. Falanga hatuna, mikono iko. Shamba yako tulipita, tuliona: iko majani tu. Weye unakula kampanye ya kura, majani inakula mahindi."

Ilikuwa kweli. Tangu nianze kuzunguka na maneno yangu, sikuwa nimeshika jembe.

Wakaja Jumatatu asubuhi, wakiimba, kila mmoja na jembe lake na bukari yake, ugali wa mchana, ndani ya kitambaa. Nilichinja mbuzi, hawakumgusa. Walipalilia mpaka kwenye kichuguu kikubwa mwisho wa shamba. Jua liliposhuka mama wa samaki akapangusa jembe lake kwa majani, akanijia.

"Sasa groupe iko ya kwetu. Deni na weye hatuna. Siku ya kura, kila muntu na roho yake."

Hapo njo nikaelewa. Waliona mapema nilichokuja kununua, wakanifungia duka.

"Basi kura naomba," nikasema. "Naomba tu, na mikono mitupu."

"Tumesikia, baba. Kuomba haikatazwi. Wafwako, aksanti kwa mashini."

Nilishindwa. Mwalimu mmoja ndiye aliyechukua kiti. Bamama walimpigia nani, sikuuliza, na mtu akiniambia anajua, anadanganya. Mahindi ya mwaka ule yalijaa ghala mpaka nikaongeza lingine. Naye depite mpya alianza kwa kutuahidi waya za Leta. Tunazingoja.

Jumapili moja groupe ilizimika katikati ya mahubiri. Nikasimama haraka niende nikaitengeneze; mashini nazijua. Mama wa samaki, kwenye benchi la nyuma yangu, akanivuta koti.

"Kaa, baba. Iko ya kwetu."

Nikakaa. Akatoka mwenyewe, tukamsikia akivuta kamba mara kadhaa na kuigombeza kwa Kiluba. Taa zikarudi. Aliingia na mikono inanuka esanse, akafungua kitabu cha nyimbo.