Jino la Mama na Dawa Yangu

Kazi yangu, kwa ufupi, ni kubembeleza meno. Katika maabara moja mjini Kakamega tunatengeneza vibebeo vya dawa, vitone vya mafuta vidogo mno ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vinaingia ndani ya jino, vinaachilia dawa polepole, na seli shina, zile changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zikiipata zinaanza kujenga upya kiini cha jino kilichoharibika. Angalau ndivyo zinavyofanya kwenye kisahani cha maabara. Kinywani mwa mtu bado hatujafika hata mlangoni.

Mama nilimsimulia haya nyumbani Mayoni, tukitafuna miwa. Hilo la kisahani aliamua kutolisikia. Jumapili alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa binti anayeotesha meno. Tangu hapo, kila nikienda nyumbani, akina mama wa ushirika waliniletea meno yao yaliyong'olewa, wameyafunga kwenye leso kama mbegu za kupanda. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kicheko kiliniisha siku Mama alipochinja ingokho, kuku wa kienyeji, akanijazia sahani, kisha yeye mwenyewe akawa anachovya obusuma, ugali wetu, kwenye mchuzi tu. Huyu ni mwanamke anayevunja mifupa ya kuku kwa meno. Nikamwambia afungue mdomo. Gego lilikuwa limeoza hadi mzizini na ufizi umetunga usaha.

"Mama, umekaa na hii tangu lini?"

"Inaumanga tu kidogo. Daktari alitaka kuing'oa, nikakataa. Nikamwambia mtoto yangu anatengeneza dawa."

Niliogopa, tena sana. Usaha wa jino ukiingia kwenye damu, mtu anaweza kufa. Mama yangu alikuwa anajiua taratibu kwa kuniamini.

"Dawa haiko tayari," nikamwambia. "Pengine itachukua miaka mingi. Na hili lako, hata ingekuwa tayari leo, lisingepona."

Alisukuma bakuli la mchuzi. "Sasa kanisani nitasema nini?"

"Sema binti yako bado anajaribu."

Asubuhi nilimpeleka hospitali. Aliubana mkono wangu mpaka jino likatoka. Tulipofika nje, pamba ikiwa bado shavuni, akanigusa kwa kiwiko.

"Sasa rudi kazini, mama, na uharakishe. Hii ya upande ingine nayo imeanza. Hiyo nitakungojea."

Nilimgeuza palepale, nikamrudisha ndani kwa daktari.